Kilio Hakipigiwi Makofi

Ukitaka Marcelline akulilie, kwanza ufe. Halafu ndugu zako waende Bellevue, kwenye ile nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kama mkate wa familia kubwa, wakae kwenye benchi la wateja wa nywele na wajibu maswali yake. Marehemu aliitwa nani? Mama yake nani? Alipenda kula nini? Kitu gani kilimchekesha? Aligombana na nani?

Hilo la mwisho huwakera wengi. "Maman, huyu hakugombana na mtu," husema.

Naye Marcelline, vidole vikiendelea kusokota rasta za mteja, huwajibu bila kuinua macho: "Basi huyo haiko marehemu, iko sanamu. Endeni mukamutafutie seremala."

Mpaka wamtaje mtu mmoja aliyegombana naye, hafungui kinywa. Ndivyo alivyofundishwa na shangazi yake huko kwao Kalemie, mwanamke ambaye watu walimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kwa sababu aliweza kumlilia mtu mpaka ukamwona anapita. Shangazi alimwachia nyimbo na miiko miwili. Wa kwanza: usimlilie aliye hai, maana unamchimbia shimo. Wa pili: kilio hakifungwi na mliaji, kinafungwa na mama. Mliaji anauliza mara tatu, "Mama, umemwachia nani?" na mama anajibu mwenyewe, kwa sauti yake, "Nimemwachia aliyenipa." Pasipo jibu hilo, kilio kinabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa, na mama hapati usingizi.

Nywele ndizo zinazomlisha Marcelline hapa Johannesburg. Kilio hakiuzi. Mwenzake wa kazi, Mamie, ambaye mdomo wake hauna breki na humwita Yaya, yaani dada mkubwa, humtania: "Yaya, ungelipisha machozi, leo tungekuwa tunasukia Sandton kwa matajiri." Marcelline humtazama tu, na Mamie huinama kutafuta kitana ambacho hakijapotea.

Basi, akafa Ignace.

Ignace alikuwa mlinzi wa duka la matairi, karibu na robot moja ya Joubert Park, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, kijana wa Kalemie mrefu kama nguzo na mwenye aibu ya msichana. Homa ya mapafu ilimchukua kabla watu hawajajua kwamba anaumwa. Alikuwa mgeni mjini, akazikwa haraka siku ya kazi, na waliofika makaburini walienea kwenye teksi moja, nafasi ikabaki. Mama yake, Hélène, alipigiwa simu. Hakulia. Alisema neno moja ambalo Marcelline hakuweza kulitoa kichwani:

"Mwanangu amezikwa kama mwizi. Nitafungaje kilio ambacho watu hawakukaa?"

Marcelline akaahidi. Watu atawapata. Wapi, hakujua.

Alikuwa akiuvumisha wimbo wa Ignace puani, akiupanga, siku aliyokuwa anamsuka Wairimu. Huyu ni Mkenya, anafanya kazi benki huko Randburg, na huendesha gari mpaka Bellevue kwa sababu, anasema, hakuna mkono mwingine Johannesburg unaojua kichwa chake. Macho yake yakapanuka kwenye kioo.

"Aki Mama Marcelline, huo ni wimbo gani? Nimesisimka mwili mzima!"

Marcelline akamweleza. Wairimu akageuka mpaka rasta ikamponyoka msusi. Kumbe yeye na rafiki zake walikuwa na Sebule ya Sanaa, baraza la mtandaoni: Jumapili moja kila mwezi watu wanakutana kwenye simu na kompyuta zao, wanasoma mashairi, wanaonyesha picha, wanasimulia.

"Wako wengi?"

"Wengi, Mama! Randburg, Pretoria, wengine Nairobi, hata London."

"Na mutu wa Kalemie anaingia?"

"Mwenye simu yeyote anaingia."

"Mama Ignace ataitikia? Wote wasikie?"

"Ataitikia. Nakuahidi."

Marcelline akamaliza kichwa kile kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Watu wamepatikana, na mama mtu atakuwa katikati yao. Jioni akampigia Mama Hélène, naye akasema ataazima simu nzuri ya jirani na atavaa kitambaa cheusi.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada Marcelline alitandika mkeka chini, akavua viatu kama inavyotakiwa kwenye kilio, akajifunga kitambaa. Mamie aliiegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya nywele, na Sebule ya Sanaa ikafunguka mbele yao, visanduku vidogo vidogo vyenye vichwa vya watu.

Mwenye kuongoza aliitwa Levi. Alijifunga skafu shingoni ingawa joto lilikuwa la kukaanga, na nyuma yake zilipangwa rafu za vitabu ambazo hazikuwa za kweli, kwani kila alipogeuza kichwa sikio lake moja lilizama ndani ya vitabu likapotea. Mamie akabana kicheko. Marcelline hakucheka. Alikuwa anatafuta, na akakiona: kisanduku cheusi pembeni, kimeandikwa Hélène. Moyo ukatulia.

Lakini kwanza wakasifiana. Huyu akamwita yule jabali, yule akamwita huyu chemchemi, wakasifiana mpaka sifa zikawa kama mafuta yanayochuruzika kidevuni. Kisha bwana mmoja mwenye mashavu manene akasoma shairi kuhusu njaa. Alisoma ameshika glasi ya mvinyo mkono mmoja, na baina ya beti mkono wa pili ulizama kwenye bakuli, ukapanda mdomoni, na vidole vikalambwa kimoja kimoja.

"Yaya, huyu anakula nini?" Mamie akanong'ona.

"Anakula njaa."

Akafuata mchoraji. Alionyesha picha ya mwanamke mwenye nguo zilizoraruka, akawaomba wasikilizaji wafumbe macho na "kuyaonja maumivu yake." Wakafumba. Mmoja alifumba huku anatafuna. Marcelline akakaza fundo la kitambaa chake. Nimekuja kwa ajili ya Ignace, akajiambia. Hata kwenye matanga ya kweli walafi huja.

"Na sasa," Levi akasema, akikunja uso kama mtu anayeingia kanisani, "tunaye mama wa asili kabisa, kutoka mitaani kwenyewe. Atatuonjesha kilio! Mama, ukiweza, anza na ule ukelele. Ule wa kuchoma."

Kilio si mchuzi, Marcelline akawaza, wa kuonjwa na kijiko. Lakini akatazama kile kisanduku cheusi, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza.

*Ignace wa Hélène, geti umemwachia nani?*
*Ulikula samaki wa ndakala, vichwa ukampa paka,*
*paka anakuuliza mlangoni.*
*Uligombana na Lambert kwa ajili ya redio,*
*Lambert anaizima, anaiwasha, haina sauti yako...*

Hapo ndipo aliposikia ngoma. Hakuna aliyeiita ngoma. Levi alikuwa anaipiga kutoka kwenye kompyuta yake, ti-tu-ti, ti-tu-ti, chini ya jina la maiti, na kichwa chake kikicheza, sikio likiingia na kutoka vitabuni. Vijikatuni vya mioyo vikaanza kupanda kwenye kioo cha simu, vyekundu, vya zambarau, vingine vikicheka. Mtu akaweka moto. Mtu akaweka kidoli kinachokata viuno. Marcelline akafumba macho, akaendelea mpaka mwisho, akauliza swali la kufungia.

"Mama, umemwachia nani?"

Kimya.

"Mama, umemwachia nani?"

Kimya. Mioyo ikapanda.

"Hélène! Umemwachia nani?"

"Wamemuzima!" Mamie akapiga kelele, kidole kikigonga kioo. "Yaya, angalia hapa, sauti yake wamekata!"

Marcelline akafumbua macho. "Ndugu Levi. Mufungulie mama yake."

"Aah, Mama, kule kuna jogoo na watoto, kelele tupu, zinaharibu rekodi. Tutamuunganisha baadaye, usijali." Na hapo hapo akaanza kupiga makofi. Wote wakapiga. Hawakusikika, maana walikuwa wamezimwa. Ilikuwa mikono tu inayopigana ndani ya visanduku, midomo inayofunguka na kufumba kama samaki waliovuliwa. Mwenye shairi la njaa alipiga makofi kwa viganja vinavyong'aa mafuta.

Makofi kwenye kilio! Marcelline hakuwahi kuona uchafu kama huo hata alipopita nyuma ya machinjio.

"Nimependa!" Levi akasema, akitupa kitu mdomoni, akitafuna. "Jamani, nami nataka. Mama, hebu nililie na mimi kidogo, nisikie inavyokuwa!" Akalaza kichwa kwenye kiti, ulimi ukamtoka pembeni, makombo ya biltong, ile nyama kavu, juu yake. Visanduku vikatikisika kwa kucheka.

Mate yalijaa mdomoni mwa Marcelline, yenye ladha ya chuma. Alisubiri yashuke. Aliposema, sauti yake ilikuwa ile ile ya kwenye benchi la wafiwa.

"Sharp. Jina nimesikia, Levi. Mama yako nani?"

"Monicah!" akajibu, bado maiti, jicho moja wazi.

"Iko hai?"

"Yuko, yuko shamba Eldoret, anakamua ng'ombe."

"Muzuri. Mupigie simu, umutie humu. Mwambie: mama, nimekufa, kuko maman mumoja wa Bellevue ananililia, na watu wanakula. Halafu mimi nitamuuliza mara tatu amekuachia nani. Akijibu kwa kinywa chake, nitalia mpaka kesho."

Levi akaketi wima. Ulimi ukarudi. Akaifuta midomo kwa ile skafu. Akageuka kana kwamba kuna mtu amemwita nyuma, na safari hii nusu ya uso ikazama vitabuni. Hakuna moyo uliopanda.

"Mama Marcelline, pole," ikaja sauti ya Wairimu. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, lakini macho yalikuwa bado na maji ya kicheko. "Alikuwa anatania tu, aki."

"Wairimu, kichwa chako nakijua kwa mikono, hata kale kakovu nyuma ya sikio. Ndani yake sikujua muko nini." Akamgeukia Mamie. "Funga kitu hiyo."

Simu ikawa nyeusi. Marcelline akalivuta beseni la kuoshea nywele, akatema. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akatema tena. Kisha akampigia Mama Hélène moja kwa moja.

"Mama Ignace. Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Ulikuwa unasikia tangu mwanzo?"

"Yote." Nyuma yake jogoo akawika, mtoto akakemewa. "Niliitika. Mara tatu zote niliitika. Kumbe hamukusikia? Niliona watu wanapiga makofi, nikasema labda huko kwa wazungu ndivyo wanavyopokea."



Marcelline alisimama. Pekupeku, kitambaa kikining'inia, akatoka mpaka kwenye veranda, akashika kichwa na kutoa ukelele ambao Levi alikuwa ameuagiza, ila huu haukuagizwa na mtu. Nyumba ile ina kuta nyembamba. Milango ikafunguka. Fundi cherehani wa chumba cha nyuma akatoka na futi shingoni. Mama wa Kirundi mwenye spaza, kiduka cha pembeni, akaacha sukari kwenye mzani. Bibi Mzulu mwenye nyumba, ambaye Kiswahili anachokijua ni "kodi" na "kelele," alitoka na fimbo tayari kugomba, akamtazama Marcelline usoni, akaiegemeza fimbo ukutani na kukaa chini. Kwenye lango la barabarani watu waliotoka makanisani walisimama, wakauliza nani amekufa.

"Ignace wa Hélène!" Mamie akawajibu kila mmoja aliyeuliza. "Wa Kalemie! Ingieni, vueni viatu!"

Wakaingia. Wakajaza ua, wengine wakakaa kwenye ngazi, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Hakuna aliyemjua Ignace isipokuwa wachache. Marcelline akawaambia alivyokuwa: urefu, aibu, paka, ugomvi wa redio. Kisha akaanza upya kutoka kwenye jina, maana kilio kilichochafuliwa hakiendelezwi, kinaanzwa. Simu ilikaa juu ya kiti chake yenyewe, katikati, kama mgeni wa heshima, sauti imepandishwa mpaka mwisho.

"Mama, umemwachia nani?"

"Nimemwachia aliyenipa," simu ikasema.

Mara ya pili. Ua mzima ukainamisha vichwa. Mara ya tatu sauti ya Hélène ilipasuka katikati ya neno, akalimalizia kwa kulia, na jogoo wake akawika juu ya kilio chake, wala hakuna aliyesema anaharibu kitu.

Watu walipotawanyika, Marcelline alirudi kwenye beseni. Akasukutua mara nyingine, chumvi nyingi zaidi. Akatema, akangoja, akajaribu ulimi kwenye meno. Ile ladha bado ilikuwepo.

"Leta maji mengine," akamwambia Mamie.