Mpaka Mwisho na Dozi Yake

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mchora mabango, na mtaa mzima unamwita Mpaka Mwisho. Jina hilo hakulipata bure. Herufi moja ikiinama kidogo, anafuta ukuta mzima na kuanza upya, mwenye duka atake asitake. Akikukaribisha chai, usipomaliza kikombe anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Mimi humtania kwamba hata akikoroma huweka nukta mwishoni.

Ukuta wa zahanati yetu aliuandika yeye, kwa herufi kubwa za buluu: MALIZA DOZI HATA UKIJISIKIA NAFUU. Kila akipita pale, lazima ageuze shingo aitazame kazi yake.

Basi akakanyaga msumari. Mguu ukatunga usaha, na daktari wa zahanati hiyohiyo akamwandikia vidonge vya asubuhi, mchana na jioni. Usiku wa siku hiyo akaanza kujikuna. Dada akailaumu sabuni mpya. Kulipokucha mgongo ulikuwa umejaa vipele, naye akameza kingine. Nilipopita mchana kurudisha pasi yao, nilimkuta mezani na glasi ya maji, midomo imevimba, macho yamebaki nyufa mbili. Nikacheka, siwezi kukana.

"Shemeji, umegombana na nyuki?"

"Hiyo ni dawa inafanya kazi," akasema, na sauti haikuwa yake, ilikuwa nzito na ya kukwama. Kicheko kikaniisha.

"Nimemwambia aache," dada akasema. "Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Mimi ndiye niliyeandika pale ukutani. Nitaachaje katikati?" Akanyoosha mkono kuchukua kidonge.

Dada yangu hapandishi sauti hata kwa kuku wanaomlia mchele. Siku hiyo alikipiga kile kidonge kikaruka hadi chini ya kabati, na glasi ikafuata.

"Acha!"

Nami nikaogopa sana, maana shemeji alikuwa ameanza kuvuta pumzi kwa mlio. Tukamshika huku na huku, tukampakia kwenye gari la jirani muuza mbao, na jirani hakungoja hata kushusha mbao zake.

Pale zahanati muuguzi alimtazama mara moja tu, akamchoma sindano ya paja, halafu akamtundikia dripu. Dada, kwa kuwa mkono mmoja wa mumewe ulikuwa na dripu na mwingine umeshikwa na muuguzi, alishika mguu, ule mzima. Hakuuachia mpaka ule mlio ulipokwisha na uvimbe ukaanza kushuka. Kitu cha kwanza shemeji alichofanya ni kuonyesha kidole dirishani, upande wa nje uliko ukuta wake.

Muuguzi akaelewa. "Baba, yale ni ya mtu anayejisikia nafuu. Wewe ulikuwa unavimba! Mwili wako umeikataa dawa hii. Usiiguse tena maishani, na kila daktari umwambie."

"Sasa mbona hamkuniambia niandike na hayo?"

Muuguzi akacheka mpaka akashika kitanda. "Haya, ukipona njoo uyaandike."

Mguu ulipona kwa dawa nyingine, na shemeji akaenda na kopo la rangi nyekundu. Tatizo likawa nafasi. Zile herufi zake za buluu zilikuwa zimekula ukuta wote, kumebaki kipande cha chini, juu ya mfereji. Akalala ubavu juu ya gunia, akaandika: UKIWASHWA AU KUVIMBA, ACHA, RUDI UPESI. Ile UPESI ikabanana pembeni, herufi zimepandiana migongoni kama abiria. Akasimama, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Nafuta," akasema. "Naanza upya, ukuta wote."

Dada alikuwa amemletea chai. Akasimama na chupa yake mkononi.

"Acha," akasema, safari hii polepole.

Shemeji akautazama ukuta, akamtazama mkewe. Akafunika kopo la rangi, akajipangusa mikono, wakaenda zao nyumbani. UPESI imebanana vilevile mpaka leo, na wakipita pale pamoja, shemeji haugeukii ukuta. Anamtazama dada.