Kofia ya Mlima wa Chumvi

Harufu ya robota la mitumba linapokatwa kamba bado hunirudisha Hombolo, uani kwa shangazi yangu Mbeleje: dawa ya nondo, vumbi, na jasho la watu wasiojulikana. Kiangazi kile, katikati ya makoti mazito yasiyo na mnunuzi, ilitoka kofia ngumu ya buluu yenye picha ya mtu anayeteleza kwenye mlima mweupe. Sisi watoto tulikata shauri kuwa ule ni mlima wa chumvi. Shangazi alikuwa na desturi ya kusafisha kila kitu kabla ya kukipeleka gulioni. Ndani ya kofia alikuta povu jeupe, gumu na jepesi, sawa na lile lililoizunguka redio ya mumewe ilipotoka dukani. Akalibandua kwa kisu, akalitupa jalalani, akasugua gamba hadi likang'aa. Halikupata mteja, akampa binti yake Mwaja, ambaye alikuwa rika langu.

Nyuma ya mashamba ya zabibu kulikuwa na mwamba mrefu, uliolainishwa na makalio ya watoto wa vizazi vingi. Tuliuteremka tumekalia madumu ya mafuta yaliyopasuliwa. Upande wa mashariki, unaoishia kwenye mawe, tulikatazwa, nasi tulitii mpaka kofia ilipokuja. "Nyie wenye vichwa vya mayai bakini huko," Mwaja alitucheka, akajigonga utosini kwa jiwe kutuonyesha. Kofia ililia ko, ko, kama kibuyu kitupu. Kisha akashuka.

Tulimkuta chini amelala ubavu, kama anayesikiliza kitu ardhini. Kofia haikuwa na ufa hata mmoja. Mwaja aliishi, lakini hakuturudia. Hadi leo analishwa uji, na jina lake huliitikia siku moja moja.

Mimi nilihama mapema, na sikukaa popote. Nikiwa mlinzi wa hoteli Arusha ndipo nilipoona kwenye televisheni watu wakiteleza kwenye theluji, wamevaa kofia kama ile. Mwaka jana nilirudi Dodoma, nikanunua pikipiki. Dukani Makole nilichagua helmeti ya bei rahisi. Kijana muuzaji akaingiza kidole gumba ndani yake. "Kaka, kinachookoa kichwa ni hili povu. Gamba peke yake ni sufuria tu." Nililipa, nikatoka nayo, nikakaa ukingoni mwa mtaro nikilibonyeza lile povu.

Jumapili nilikwenda Hombolo. Ule mwamba haupo tena, umepondwa kokoto za maghorofa ya mji mkuu. Mwaja alikuwa mkekani, mvi zimemwanza. Kofia ya buluu shangazi anapimia karanga. Baada ya shikamoo aliichukua helmeti yangu mpya, akaipapasa ndani, akatabasamu.

"Mwanangu, hili la kufungashia bado hujalitoa? Ngoja nilete kisu."

"Acha tu, shangazi. Nitalitoa mwenyewe."

Akanirudishia, akaenda kumkorogea Mwaja uji.