Jiko Jipya la Mama Najwa

Jepkemei hakuwa mtu wa kuombaomba, lakini Ramadhani ile alizunguka mji wa Nakuru mzima akitafuta jikoni ya bei ya kutupwa. Sisemi jiko la makaa, hilo lingekuwa jambo dogo. Nasema jikoni yenyewe: meza ya kukatia, sinki, rafu za sufuria, na ukuta ambao ukiuegemea haukufuati.

Ploti yake iko mtaa wa Rhonda, na ina nyumba mbili. Ya nyuma anaishi yeye. Ya mbele amempangisha Safiyo, ambaye hapo mtaani hakuna anayemwita Safiyo. Ni Mama Najwa, kama vile Jepkemei naye ni Mama Kipruto. Nyumba zote mbili zilijengwa na marehemu mume wa Jepkemei, mzee Kipngeno, kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mtu mzuri sana, Mungu amlaze pema, lakini ujenzi haukuwa wito wake. Jikoni kwa Mama Najwa kuta zilikuwa zinamomonyoka zenyewe tu, bila kuguswa. Meza ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa hadi miguu ikabaki ganda. Sinki la plastiki lilipasuka zamani, na chini yake palikuwa na karai lililokinga maji mwaka nenda mwaka rudi, mpaka likaonekana ni sehemu ya nyumba.

Mama Najwa hakuwahi kulalamika. Aliyelalamika ni Najwa mwenyewe, binti yake wa pekee, anayefanya kazi Nairobi na kupanga nyumba South C. Alipokuja mara ya mwisho, kipande cha ukuta kiliachia kikatumbukia kwenye sufuria ya mchuzi huku akiangalia. Hakupiga kelele. Alizima moto, akamwambia mamake kwamba Idd atakuja tena, na akikuta jikoni iko hivi, atamfungia virago waende wote Nairobi. Jepkemei alikuwa nje ya dirisha anasuuza vyombo, akasikia kila neno.

Aliogopa, tusifichane. Kodi ilikuwa muhimu, maana mjane hali upepo. Lakini kilichomkosesha usingizi ni jioni. Tangu Kipngeno afariki, jioni zake zilikuwa za Mama Najwa: kigoda mlangoni, chai ya tangawizi, na kumsema kila anayepita barabarani kuanzia viatu kwenda juu. Kipruto, mwanawe, anaishi Eldoret na hupiga simu akikumbuka. Mama Najwa akienda South C, Jepkemei atabaki na kuku.

Na hao kuku, hebu niwaambie. Kila Krismasi Jepkemei humkamata jogoo, humtia kwapani, akampeleka kwa mzee Shariff karibu na msikiti amchinje, ili Mama Najwa aweze kula. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nyama ya nguruwe haikuwahi kuvuka lango la ile ploti. Kipruto anaipenda mno, lakini akija nyumbani huila huko huko mjini, na hata akifika mamake humwangalia midomo.

Basi alimwita fundi Makhanu. Pesa za chama cha akina mama zilikuwa zimemfikia, lakini nusu zilikuwa zimeshaahidiwa paa, na Jepkemei alimweleza hivyo kabla hajatoa futi yake mfukoni. Makhanu hakuvunjika moyo. Alisema kabati za mbao wasahau. Watajenga vikuta vitatu vifupi vya matofali, walaze jiwe juu yake, na mbele waning'inize pazia. Nani atajua kama nyuma ya pazia kuna kabati au hakuna? Vigae wataokota vipande vilivyovunjika dukani na kuvipanga hivyo hivyo. Rangi walichanganya masalio ya mikebe minne, ikatoka rangi ambayo mpaka leo hakuna mtu ameipatia jina, ila si mbaya. Kazi ikiendelea, Mama Najwa alipikia futari kwa Jepkemei, kwa sufuria zake mwenyewe, na jioni walifuturu pamoja, mmoja amefunga na mwingine ameshinda akionja.

Kilichobaki ni jiwe na sinki. Hapo ndipo Jepkemei alipomwendea Ndung'u, anayeuza vitu vilivyong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa: milango, madirisha, vyoo, kila kitu kimeegemezwa kando ya barabara. Alimwonyesha jiwe la graniti jeusi, refu, zito, na sinki la chuma kando yake. Jepkemei alilichunguza jiwe kama mtu anayenunua ng'ombe. Alipitisha kidole ukingoni akitafuta ufa. Aliliinamia akalinusa. Aliuliza kama linashika doa, kama linavumilia sufuria ya moto, kama litapita mlangoni. Ndung'u alijibu yote vizuri, akasema limetoka Milimani, na Milimani kwa masikio ya Jepkemei ni watu wa magari mawili na nyasi zilizokatwa. Walivutana bei hadi Ndung'u akaanza kuapa. Jepkemei alirudi nyumbani akijisifu kimoyomoyo.

Mkesha wa Idd, baada ya adhuhuri, kazi ilikwisha. Makhanu alikuwa anafuta vumbi la mwisho, na Mama Najwa alikuwa amejilaza chumbani kungoja alasiri, ndipo aanze kukanda unga wa mahamri. Najwa alikuwa njiani. Ndung'u akapita kuchukua mkokoteni wake, akachungulia jikoni, akalipiga jiwe kofi la upendo.

"Mathe, hapa umeokota," alisema. "Hii, pamoja na sinki, ilikuwa ya ile hoteli ya nguruwe waliyobomoa Milimani. Imekatiwa nyama miaka yote hiyo na haina hata mkwaruzo."

Alisema na akaenda zake akisukuma mkokoteni. Jepkemei alibaki ameshika tama. Makhanu alimtazama, akatazama mlango wa chumbani, akashusha sauti. Alimshauri anyamaze. Jiwe limeoshwa, limepigwa msasa, limekaa juani, na jiwe ni jiwe. Kisha akakusanya vifaa vyake na kuondoka haraka, kama mtu aliyekumbuka mvua.

Jepkemei alichukua sabuni akasugua. Akamwaga dawa ya kuulia viini, akasugua tena mpaka macho yakamchoma. Liling'aa. Aliuliza nafsi yake ni nani angejua. Ndung'u hana habari na mtu. Makhanu hatasema. Najwa angefika, angeona vigae na pazia na sinki linalomeza maji bila karai, na maneno ya Nairobi yangeisha hapo hapo. Ilikuwa rahisi sana, kunyamaza tu, na watu hunyamazia makubwa kuliko hayo. Alijikaza kisabuni, akaamua hatasema.

Mama Najwa akaingia. Alikuwa ameswali, uso bado una maji, na kifuani amekumbatia bakuli la unga. Alisimama akaiangalia jikoni yake polepole, kona hadi kona, akacheka kidogo peke yake. Akapitisha kiganja juu ya jiwe. Halafu akasema bismillahi, akainua bakuli ili amwage.

"Mama Najwa, usimwage," Jepkemei alisema. "Hilo jiwe lilikuwa la hoteli ya nguruwe. Na sinki pia. Nimejua leo. Niliuliza mambo yote, hilo sikuuliza."

Bakuli lilibaki hewani.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Nilikuwa nisikuambie."

Mama Najwa alilishusha kifuani. Kisha akageuka na bakuli lake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Jepkemei alisikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni. Alikaa kwenye mfuko wa simiti uliobaki, mikono mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti. Alijiona mjinga. Jogoo wote wale amewabeba kwapani, halafu akaja kumlazia mwenzake jiwe la nguruwe ndani ya nyumba kwa sababu ni la bei nafuu. Na kwamba alitaka kulificha, hilo lilimuuma zaidi.

Mlango ukafunguka. Mama Najwa alikuwa amevaa dera la zamani lililochakaa, lile la kufanyia usafi, mikono ameikunja hadi juu ya viwiko.

"Leta jembe," alisema.

Jepkemei alilichukua, akaruka kuelekea kwenye sukuma wiki zake, kwenye udongo laini. Mama Najwa alimrudisha: hapo kuna mbolea, yeye anataka udongo safi, mahali ambapo kuku hawapiti. Walizunguka ploti nzima, wanawake wawili wazima wakibishana juu ya udongo, mpaka wakaupata nyuma ya tangi. Huku wakichimba, Mama Najwa alieleza kwa kifupi, kama mtu anayeelekeza njia. Alivyofundishwa utotoni, uchafu wa mnyama huyo huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo maji yachanganywe na udongo. Baada ya hapo kitu ni safi, basi. Kilichooshwa hakina kinyongo.

Jepkemei alimwaga maji, Mama Najwa akasugua jiwe na sinki. Ilipofika zamu ya udongo, Jepkemei alirudi nyuma, hakujua kama mkono wake unaruhusiwa. Mama Najwa alimvuta kwa pindo la gauni na kumwonyesha upande wake wa jiwe. Wakasugua wote wawili, matope yakitiririka kwenye vile vikuta vipya na kulowesha pazia.

Hivyo ndivyo Najwa alivyowakuta. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akamwona mamake, na saumu yake, amechafuka mpaka shingoni. Aliuliza kuna nini. Jepkemei alifungua kinywa, lakini Mama Najwa alimtangulia, akasema yote, hata ile sehemu ya kuficha. Najwa aliweka mkoba chini. Hakumtazama Jepkemei hata kidogo.

"Mama, chukua nguo zako," alisema. "Jikoni kwangu hakujawahi kuingia kitu kama hicho."

Mama Najwa aliendelea kumwaga maji ya mwisho. Alilifuta jiwe kwa kitambaa safi, taratibu, mpaka likakauka.

"Hiyo nyumba yako ya kupanga," aliuliza, "kabla yako ilikaliwa na nani?"

Najwa alisema hajui, watu tu, walihama kabla hajaingia.

"Walikuwa wanapika nini?"

"Nitajuaje, mama? Hakuna aliyeniambia."

"Mimi nimeambiwa," alisema Mama Najwa, akamtuma akalete bakuli la unga chumbani.