Sauti ya Bibi Kwenye Waya

Kazi ilianza Jumamosi saa kumi jioni, nyumbani kwetu Mlandege. Bibi wa Mbeya alikuwa ametutumia salamu kwenye kaseti, akaagiza irudi majibu yetu yakiwa yamerekodiwa juu ya sauti yake. Mimi sikutaka sauti ile ifutike. Mjomba akatoa kaseti yake ya dansi, akaazima redio kaseti ya pili, akaunganisha redio zote mbili kwa waya ili tumnakili bibi. Mama akatunyamazisha wote, hata jogoo akamfunika kwa tenga.

Mjomba akacheka. “Dada, sauti inapita ndani ya waya. Hata ukitwanga, kelele haziingii.”

“Nawe nyamaza.”

Tukakaa kimya nusu saa. Bibi akapita mzima, pamoja na kikohozi chake.

Kesho yake asubuhi nilijifungia jikoni na redio na kaseti ya bibi, nikamjibu juu ya sauti yake bila kunong'ona, maana nakala ilikuwa salama.