Siku Wifi Alipompa Mumewe Sifuri ya Shukrani

Wifi yangu ni mwalimu. Nasema "ni" ingawa huu ni mwaka wa sita tangu astaafu, kwa sababu ualimu kwake haukuwa kazi, ulikuwa maradhi, na hajapona. Ukimtumia ujumbe wa simu, anakurudishia ule ule ukiwa umesahihishwa. Kadi ya harusi ikiletwa nyumbani, anakagua nukta na mkato kwanza ndipo aulize nani anaoa. Mtaani wanamwita Kalamu Nyekundu. Anajua, na wala hajali.

Mumewe ni kaka yangu, tumetoka tumbo moja. Mimi ni mshonaji, chumba changu cha cherehani kiko uani kwao, kwa hiyo hakuna kikohozi cha nyumba ile kinachonipita. Kaka alifanya kazi kwenye kituo cha pampu za maji kwa miaka thelathini na miwili. Pampu nne ndani ya chumba kimoja, zinanguruma kutwa kucha. Humo watu hawaongei, wanapungiana mikono tu. Alipostaafu akarudi nyumbani na maneno yake yote ya miaka thelathini na miwili, akakuta nyumba tayari ina mwalimu. Kazi aliyobakiwa nayo ni kunyanyua miguu sakafu inapopigwa deki.

Basi mwaka huu chama chetu kikatangaza kwamba kinatafuta mgombea wa udiwani, na Kaka akaenda kuchukua fomu. Sisi tulidhani amemchukulia mtu.

"Kaka, udiwani wa nini na magoti hayo?" nikamuuliza, sindano mdomoni.

Akafunga mlango wa chumba changu kwanza. "Nikuambie ukweli, mdogo wangu. Cheo wakinipa sawa, wasiponipa sawa. Lakini kule ukumbini kila mgombea anapewa dakika saba, na wajumbe mia mbili wamekaa kimya. Nataka mara moja tu katika maisha yangu nianze kusema, na niachwe nimalize."

Nilijifanya natafuta mkasi. Ningemtazama ningelia, na mimi silii hovyo.

Sasa, chama chetu kina utaratibu wake. Zamani wajumbe walimchagua mgombea kwa kunyoosha mikono, mpaka mwaka mmoja mikono ikanyooka na viti, watu wakapigana. Tangu hapo hotuba za wagombea zinapewa alama kama mtihani. Majaji ni watatu, kila mmoja ana alama mia: sauti, mpangilio, hoja, muda, na kadhalika. Anayepata jumla kubwa ndiye mgombea wetu. Mwaka huu majaji walikuwa karani wa mahakama mstaafu, mama mwenye duka la dawa, na, nani tena? Wifi. Akakabidhiwa na kengele ya kuhesabia muda, kwa kuwa wengine hawaaminiki na saa.

Nilimfuata katibu wa chama mbio mbio. "Jamani, mke atampaje alama mumewe?"

Katibu alicheka mpaka akashika meza. "Tumewauliza wagombea wenzake, na wao ndio wanaomtaka! Huyo si alimkaririsha darasa la nne mwanawe wa kumzaa, kwa upungufu wa alama moja? Atampendelea nani?"

Na kweli, Wifi aliichukulia kazi ile kwa uzito wa ajabu. Kaka akifungua karatasi yake mezani, yeye anabeba kikombe chake anatoka nje. "Siwezi kuusikia mtihani kabla ya siku yake," anasema. Ikabidi Kaka afanyie mazoezi chumbani kwangu, anahutubia magauni matatu ya wasimamizi wa harusi yaliyotundikwa ukutani. Wiki mbili nzima! Mteja mmoja aliingia akamkuta anayaambia magauni "ndugu wajumbe," akageuka na kitambaa chake, mpaka leo hajarudi.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Mimi ni mjumbe pia, nikakaa safu ya tatu, pembeni, mahali ninapoona meza ya majaji na benchi la wagombea kwa jicho moja. Wifi alikuwa amevaa miwani yote miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Hakumtazama mumewe hata mara moja.

Akaanza mkandarasi, bwana mmoja wanayemwita Lami, kwa kuwa ameiahidi sana na hatujaiona. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa makamu mwenyekiti, mheshimiwa katibu, mheshimiwa mwekahazina..." Hakuacha mtu. Alimtambua mlezi wa chama, mlezi aliyepita, wajane wa walezi, viongozi wa dini waliokuja na wale waliotuma udhuru, akamtambua na mlinzi wa geti. Kila mmoja na shukrani zake. Dakika zikakimbia. Alipofika kusema "itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba sasa niingie kwenye hoja yangu ya kwanza," Wifi akagonga kengele. Ting! Lami akabaki mdomo wazi. Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu, naye mwenyewe machozi yanamtoka.

Mimi sikumaliza kucheka. Nilimwona Kaka pale kwenye benchi, jasho limemjaa usoni, anachomoa ukurasa wa juu wa hotuba yake na kuupeleka nyuma kabisa. Nikasema moyoni, afadhali, shukrani zitangoja.

Wa pili alikuwa dalali wa viwanja, anaitwa Honi. Yeye hakuhitaji kipaza sauti, alikishika kwa heshima tu. "Maji mnayataka, hamyataki?" "Tunayataka!" "Barabara mnaitaka, hamuitaki?" "Tunaitaka!" Akatembea huku na huku, akapiga kifua, akawashukuru akina mama, vijana, na wapishi waliokuwa bado hawajaleta chochote. Watu wakasimama. Nilichungulia nikaona Wifi anaandika, na baadaye tulisoma sote: "Maswali kumi na tisa. Majibu hakuna." Lakini majaji wenzake walikuwa wanapiga makofi.

Kisha akapanda Kaka, na suti niliyomshonea mwenyewe.

Neno la kwanza alilitoa kama yuko bado kituoni na pampu nne zinanguruma. Mama wa duka la dawa aliangusha kalamu. Mtoto akalia. Katibu akakimbia kukisogeza kipaza sauti hatua tatu nyuma, na hapo ndipo Kaka akaanza kusikika kama binadamu. Akaeleza kwa nini mtaa wa juu hupata maji Jumanne tu. Akasema si uhaba wa maji wala si njama ya mtu. Nyuma ya soko kuna koki moja ya inchi sita iliyokwama nusu, na yeye ameandika barua kumi na moja kuihusu. Akaonyesha kwa viganja vyake jinsi koki inavyokaa, maji yanaingilia wapi, yanakwama wapi. Jamani, ukumbi ulinyamaza! Watu waliogombana na majirani miaka mingi kwa ajili ya ndoo walikuwa wameinama mbele kwenye viti. "Ahaa!" mzee mmoja akasema kwa sauti, kama aliyeambiwa aliyemwibia. Nilijiona nimerefuka pale nilipokaa.

"Na kabla sijashuka, ndugu wajumbe," Kaka akasema, akafunua ukurasa wa mwisho, "ningependa—"

Ting.

Mke wake wa ndoa. Kaka alimtazama, akaukunja ule ukurasa mara nne, akautia mfukoni, akashuka.

Matokeo yalisomwa saa nane. Lami, mia moja na arobaini. Kaka, mia mbili na kumi na mbili. Honi, mia mbili na kumi na nne. Alama mbili! Karatasi za majaji zikabandikwa ukutani kama kawaida yetu, na sisi wote tukasukumana kwenda kusoma. Ile ya Wifi kwa Kaka ilikuwa nzuri, sikatai. Hoja alimpa zote, hajawahi kumpa mtu zote. Lakini chini, kwenye sehemu ya shukrani, ambayo ina alama tano tu, palikuwa na yai jekundu, na maneno: "Hakumshukuru mtu yeyote."

"Shoga, wifi yako kiboko," mwanamke mmoja akaninong'oneza. "Kamchinja mumewe bila kisu." Nilikuwa nawaka.

Tulirudi nyumbani watatu kwa miguu. Kaka akaketi kwenye kiti chake. Wifi akaweka maji ya chai jikoni, akaja kukaa mezani, akaanza kufuta miwani. Nikashindwa kuvumilia.

"Wifi, hata alama tatu? Hata mbili? Wenzako walimpa nne nne za huruma!"

"Huruma haina sehemu kwenye fomu. Alimshukuru nani? Nitajie mmoja."

"Umemgongea kengele ndipo anaanza!"

"Shukrani huwekwa mwanzoni. Dakika saba ni saba."

"Aliziweka mwanzoni! Kazihamisha baada ya kumwona Lami, nimemwona kwa macho yangu!" Nikamwendea Kaka, nikampekua mfuko wa koti, koti langu mwenyewe, najua mifuko yake ilipo. Alinishika mkono, "Acha, mdogo wangu, yamekwisha." Sikuacha. Nikautupa ule ukurasa mezani.

Wifi akavaa miwani. Kwa mazoea akachukua na kalamu. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, kalamu iko hewani. Kisha akaiweka chini polepole.

"Simama," akamwambia mumewe. "Usome mwenyewe."

"Mwalimu, mkutano umekwisha."

"Mimi nipo. Simama, nakuomba."

Mimi maishani sijawahi kumsikia yule mwanamke akiomba. Kaka naye hakuwahi, maana alisimama papo hapo, akaushika ukurasa mbali na macho, na safari hii sauti ikatoka ndogo, ya mle chumbani.

"Ndugu wajumbe, namshukuru mke wangu. Miaka thelathini na miwili nilikuwa natoka zamu masikio yamejaa pampu, sisikii kitu. Kila siku alinirudilia kila neno mara mbili, mara tatu, bila kuchoka. Watu husema ana sauti kali. Kwangu mimi ndiyo sauti pekee niliyokuwa naisikia."

Akakunja karatasi. Chai ilikuwa inafurika jikoni, na hakuna aliyekwenda. Wifi alikuwa amevua miwani, uso wote umelowa, hata hakujisumbua kuufuta.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Rudia."

Kaka akakohoa, akaifungua karatasi, akaanza tena kutoka juu.