Mashine Iliyoacha Kuuliza

Kijana aliyekuja kumwoa binti wa marehemu kaka yangu, nilimfahamu kwanza kwa swali alilolizima. Nalitaja hilo mapema ili mtu asidhani nilimchukia kwa sura. Sura yake haikuwa na neno. Alikuwa na adabu, viatu vyake viling'aa hata siku za matope, na salamu yake ilikuwa ndefu ya kumridhisha bibi yeyote wa Butembo. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu asiye na kasoro mlangoni, mimi huwa namtafutia ya ndani.

Nina sekretariati ndogo hapa Beni, komini ya Bungulu: kompyuta tatu, mashine moja ya fotokopi na paneli za jua juu ya mabati. Watu huja kuchapisha kazi za shule, mialiko ya ndoa na barua za kuomba kazi. Binti huyo tunafanya kazi pamoja. Baba yake alipofariki alikuwa bado anabebwa mgongoni, mama yake akaolewa kwingine, nikamchukua. Mimi sikuzaa. Nikisema mwanangu, ni yeye. Leo ni mwanamke mzima, anapiga chapa upesi kuliko mimi, na nilichokuwa nikiogopa ni kimoja tu: aje mtu mwenye maneno matamu amchukue, halafu huko aendako asiulizwe kitu tena maisha yake yote. Nimewaona wanawake wa namna hiyo. Mmoja wao alinizaa.

Mwaka aliokuja kijana huyo, klé za wateja, vile vijiti vya kubebea faili, zilituletea ugonjwa. Mtu anachomeka klé yake, faili zinapotea, mahali pake panabaki vialama visivyofunguka. Ukivifuta, kesho yake ukiwasha kompyuta vimerudi. Karani mmoja kutoka Oicha alipoteza ripoti yake yote kwenye meza yangu, akanitazama kana kwamba nimeila. Ndipo tukaambiwa kuna fundi wa Butembo anayeshuka Beni kila mara kutengeneza kompyuta za maofisi. Tukamwita; ndiye kijana huyo.

Alitueleza kwamba ugonjwa umejiandika ndani kabisa, mahali mafundi wanapopaita registre, pale kompyuta inapoweka mazoea yake yote: kipi kianze inapowashwa, kipi kifichwe, kipi kiruhusiwe. Angeyafuta maandishi hayo kwa skripti, faili fupi ya amri zinazofuatana zenyewe. Akafungua lile dirisha jeusi lenye herufi nyeupe, akaanza. Kompyuta ikafika kwenye amri ya kwanza ikasimama: je, kweli ifute? Oui au non? Skripti yake aliitoa kwa watu wa Kiingereza huko kwenye mtandao, na jibu la ndiyo lililokuwa ndani lilikuwa la Kiingereza. Kompyuta zetu zinajua Kifaransa. Ikauliza tena, ikajibiwa vile vile, ikauliza tena. Binti akacheka mpaka akashika meza. Sikupenda kicheko hicho, kilikuwa na urafiki ndani.

Kijana akajikuna kichwa, akarudi kwenye faili yake, akaongeza kimkwaju, kile kijistari cha kuinama, na herufi f mwishoni mwa kila mstari. Akaiendesha upya. Dirisha likajaa maandishi, likafungika. Hakuna swali hata moja.

"Juu ya nini haikuuliza?" nikamwambia.

"Ile f njo forcer, tante. Inafanya tu, haiulize tena."

"Forcer, kulazimisha? Mu machine yangu?"

"Mais tante, kazi iko ile ile."

"Mbele ilikuwa inauliza. Sasa nani ameitika?"

"Mimi."

"Na machine iko ya nani?"

Akainamisha macho, akasema ni yangu. Ugonjwa uliondoka, faili yake ikabaki kwetu ya kuendesha kila klé mpya zikileta mwingine, wateja wakashukuru, lakini mimi roho haikutulia. Kimya kingi kina mshindo. Mtu anayemziba mdomo mwenye kuuliza ana kitu hataki kiulizwe, hivyo ndivyo nilivyolelewa kufikiri, na sijaona sababu ya kubadilika. Nilijiuliza kama hakuwa akinakili kazi za wateja wangu. Nilijiuliza pia mbona klé yake ilisahaulika kwetu mara kwa mara, na mbona kila mara binti ndiye aliyeikumbuka.

Nikaanza kazi yangu. Kila kijana alipokuja, nilimtuma binti kununua sabuni. Tukapata sabuni nyingi sana. Nilipiga simu kwa binamu yangu anayeuza sokoni Butembo, nikamwambia aulizie ukoo wake. Akarudi na habari: ni watu wa Lubero, wakulima wa viazi, Wakatoliki, baba anaimba kwaya, hakuna mlevi, hakuna aliyemfukuza mke. Hakukuwa na ubaya hata mmoja, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

Siku moja alipokwisha kurudi Butembo, nilifungua faili yake nikazifuta f zote. Binti aliniona, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake. Nikaiendesha skripti. Sasa kompyuta ikaniuliza kama inavyostahili: ifute hiki? Nikavaa miwani, nikasoma. Majina yalikuwa marefu, ya kutatanisha, namba na herufi zimechanganyika. Yale ya mwanzo niliyajibu non, maana sikuyajua. Kisha mteja wa Mbau, mwuza kakao, akaingia kutaka fotokopi ya karatasi zake, akawa anaongea nami huku kompyuta ikiuliza. Oui. Akanieleza habari za mvua. Oui. Akaulizia bei. Oui, oui, oui. Dirisha lilipofungika sikuweza kusema nimekubali nini. Hata hivyo nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimeulizwa.

Haikupita juma, vile vialama vikarudi.

Kijana akaja, akaifungua faili, akaisoma mpaka chini.

"Nani ameondoa bile f?"

Binti akatazama dari.

"Mimi," nikasema. "Machine iko yangu."

"Sikatai, tante. Mais ile ulizo ya mwisho uliitikia oui, ilikuwa inasema nini?"

Nikatafuta miwani yangu. Kijana hakucheka, binti ndiye aliyecheka, na nikamkumbusha kwamba kuna meza ya kupangusa.

"Batu bakiulizwa sana, banaitika bila kusoma," akasema. "Njo sababu naondoa maulizo. Haiko juu ya kuficha kitu. Acha nikufanyie ingine."

Akaiandika mbele yangu, na mimi nikiwa nimekaa nyuma ya bega lake karibu kiasi cha kumnyima hewa. Kwanza skripti ingetengeneza nakala ya ile registre yote, iwekwe pembeni, ili mambo yakiharibika tuirudishe kama ilivyokuwa. Kisha ingeuliza swali moja, moja tu, kwa Kiswahili chetu: niko tayari kufuta, ya zamani imewekwa, niendelee? Ukikubali, zile f zinafanya kazi yao bila kukusumbua. Ukikataa, haigusi kitu.

"Ulizo moja, mais unalisoma," akasema. "Na njia ya kurudia iko."

Lilikuwa jibu zuri, zuri kupita kiasi. Anayejieleza vizuri hivyo, nikajiambia, si mara yake ya kwanza kujieleza. Nikamshukuru, nikamwandalia chai, na nikahesabu vijiko alipoondoka. Vilikuwa vyote.

Basi siku zikapita, watu wake wakaenda Butembo kwa kaka yangu mkubwa, aliyebaki mkuu wa nyumba yetu, kumwomba binti. Kaka alinipigia simu akipiga kelele za furaha. Viazi vya Lubero! Kwaya! Mafundi! Akakubali papo hapo. Nilipokata simu nikamgeukia binti, nikamweleza. Alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Hakuacha kupanga.

"Kama baba mukubwa anaitika," akasema, "bon."

Hiyo bon, hiyo sawa yake, niliigeuza kichwani siku nyingi. Ilikuwa bon ya mtu anayetaka, au bon ya mtu anayebonyeza tu ili apite? Ningeweza kumuuliza, alikuwa mbele yangu. Lakini niliogopa majibu yote mawili. Akisema hataki, nitagombana na kaka. Akisema anataka, nitabaki na kompyuta tatu na sabuni zangu.

Siku ya mahari tulipanda Butembo asubuhi na mapema. Ua wa kaka yangu ulikuwa umefunikwa turubai, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imejaa kwenye madumu, baridi inashuka na harufu ya mikaratusi. Mbuzi wa watu wa Lubero walifungwa kwenye ua wa miti, wanono, wanalia. Nilikwenda kuwakagua mmoja mmoja, meno na kwato, nikitafuta mgonjwa. Hakuwepo.

Kwetu, kamba za mbuzi hazipokelewi kabla binti hajatolewa ndani na kuulizwa mbele ya wote: tupokee? Anaulizwa mara tatu. Shangazi ndiye anayemtoa kwa mkono, na shangazi ndiye anayekwenda kushika kamba jibu likishapatikana. Mwenye kuoa haruhusiwi kusema neno. Ana msemaji wake. Yeye hukaa ameinamisha kichwa mpaka mwisho.

Wasemaji walisema mengi, wakataniana, wakanywa, wakalipishana faini za uongo. Mawingu yakakusanyika. Sisi wa Beni tulitakiwa kurudi mapema, barabara ile si ya kuchezea saa za jioni. Nilikuwa tayari mlangoni, mkono wa binti ndani ya mkono wangu, kaka alipotazama juu akasema:

"Bon. Mutoto tunamujua, anapenda. Tuache ile ya kumuuliza, mvua iko inakuya. Mulete kamba."

Msemaji wa upande wa pili akapiga makofi. Watu wakaanza kuinuka. Mkono wa binti ukabana vidole vyangu, nikashindwa kujua ni wa furaha au wa hofu.

Nilikuwa na haki ya kusema. Shangazi akisema, hata kaka husikiliza. Nikanyamaza kwa makusudi, nikamkazia macho yule kijana pale alipokaa na viatu vyake vinavyong'aa. Hii hapa f yako, nikamwambia kimoyomoyo. Umepewa bure. Leo nitakujua.

Akasimama.

Mjomba wake akamvuta koti. Hakukaa.

"Baba, naomba mumuulize," akasema. "Mumuulize ulizo la kweli. Na kama anasema hapana, mbuzi zitarudi Lubero, mimi njo nitazirudisha. Hakuna neno litabakia kati yetu."

Wazee wakaguna. Mama mmoja akafunika mdomo kwa kitenge. Kaka yangu alikasirika mpaka shingo ikavimba.

"Nani amekupatia ruhusa ya kusema?"

"Hakuna, baba."

Akabaki amesimama. Na mimi, badala ya kufurahi, nilichukia. Alikuwa amenipokonya kitu cha mwisho nilichokuwa nacho dhidi yake.

Nikamtoa binti mpaka katikati ya turubai. Kaka akauliza kwa ukali, kama mtu anayetaka kumaliza:

"Tupokee?"

Binti akanyamaza. Ni heshima, mara ya kwanza kila binti hunyamaza.

"Tupokee?"

Mara ya pili huwa wanatabasamu, na watu hupiga vigelegele wakijua mambo yamekwisha. Hakutabasamu. Matone ya kwanza yalianguka juu ya turubai. Kijana alikuwa amefumba macho.

"Unasikia? Tupokee?"

Akainua kichwa. Hakumtazama kaka yangu, wala hakumtazama yule kijana. Alinigeukia mimi.

"Na weye, tante? Batu bote banaulizana, weye hakuna mutu amekuuliza. Ni weye ulinikomalisha. Nikienda, utabakia na nani?" Akanisogelea. "Usinijibu juu ya kunipendeza tu. Bapokee?"

Ua wote ukanitazama. Nilikuwa nimeshinda miezi nikidai kuulizwa, na sasa nimeulizwa, na nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kusema hapana. Nasema kweli, neno lilikwisha kufika kwenye ulimi, na nilijua angelitii, mbuzi wangerudi, na kesho yake tungefungua sekretariati pamoja kama kawaida.

Nikamtazama uso, taratibu, bila kuruka kitu. Nilimwona alivyokuwa akicheka siku ile ameshika meza. Nilimwona akipanga karatasi bila kuinua macho, akinificha furaha yake ndani ya neno fupi ili nisiumie. Alikuwa akimtaka. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa pale muda wote, na mimi nilikuwa nakagua kwato za mbuzi.

"Bapokee," nikasema.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga turubai kwa nguvu. Kaka akaweka mkono sikioni.

"Unasema nini? Unaitika kweli?"

"Naitika," nikasema tena, nikauachia mkono wa binti, nikaenda kushika kamba.