Kopo Kwanza

Jina la Bi Kopo alijitakia mwenyewe. Katika kikundi chao cha wakulima wasiotumia dawa za dukani, samadi haikumwagwa shambani kabla ya kutiwa kwenye kopo la maziwa, yakapandwa humo maharage matatu na kungojwa yaote. Majani yakinyooka, samadi ni salama. Yakijikunja, basi ng'ombe alilishwa nyasi zilizopigwa dawa ya magugu, kwa maana dawa hiyo hupita tumboni mwa ng'ombe na kutoka nzimanzima. Kanuni hiyo aliileta yeye, akaishikilia miaka tisa kwa ukali wa mwalimu wa hesabu. Ukimwambia samadi yako inatoka kwa mtu unayemwamini, atakujibu, "Hata mimi namwamini. Nauliza habari za ng'ombe wake."

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mwili mdogo, sauti kubwa. Ujana wake aliumalizia kwenye jiko la hospitali, akimenya viazi vilivyosafiri siku tatu vikafika vimechipua, huku wakulima wa jirani wakitupa vyao kwa kukosa mnunuzi. Jambo hilo lilimkera hadi akaacha kazi. Yeye na wenzake kumi na mmoja wakaungana, wakakaa meza moja na wapishi wa hospitali na wa shule mbili, wakapatana kabla ya msimu nani alime nini na kwa bei gani. Dalali hakuwa na kiti pale. Kilichowabeba ni neno lao tu, kwamba chakula ni safi na kwamba kila msimu wanakaguana wenyewe kwa wenyewe bila kuoneana haya.

Na kweli hawakuoneana haya. Misimu mitatu nyuma, Bi Kopo ndiye aliyemkuta wifi yake, dada wa mumewe, amepiga dawa kabichi zake kwa hofu ya viwavi. Akamfungia shamba msimu mzima, asiuze chochote kupitia kikundi. Sheria ilikuwa upande wake, lakini msimu ule wote hakwenda hata mara moja kumjulia hali, eti asije akaonekana anapendelea. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Tangu hapo wakawa wanasalimiana vizuri, na kuishia hapo.

Sasa mwaka huu mdogo wake wa kiume, mfugaji, akamletea mkokoteni wa samadi iliyooza ikaiva, nyeusi, haina harufu. Mvua ilikuwa imekaribia, miche ya nyanya imerefuka kitaluni, na samadi yenyewe ni ya mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni. Bi Kopo akaimwaga yote kwenye matuta manane, akapanda miche. Makopo yakabaki juu ya rafu.

Wiki ya tatu, ncha za nyanya zikaanza kujikunja kama ngumi za kichanga. Akampigia simu mdogo wake.

"Ng'ombe wako walikula nini kiangazi?"

"Nyasi, dada. Ulitaka wale nini?"

"Nyasi za wapi?"

"Kuna jamaa alikuwa anafyeka kando ya barabara kuu, akanipa bure. Kwani vipi?"

Bi Kopo alijua kwamba kando ya barabara kuu hupigwa dawa ya magugu. Ukaguzi ulikuwa umebakiza siku nne, na kura ya kumkagua ilikuwa imemwangukia wifi yake.

Mumewe, fundi seremala aliyechonga masanduku yote ya kikundi, alimsikiliza hadi mwisho. "Nzi weupe nao si hukunja majani ya nyanya?" akasema. "Ng'oa, choma, sema ni nzi. Nani atakuuliza?"

"Hakuna," alisema Bi Kopo.

Hicho ndicho kilichomchoma. Hakuna ambaye angemuuliza, kwa sababu yeye ni Bi Kopo. Na akisema ukweli, nani atasumbuka tena na makopo yake, ikiwa mwenyewe aliyaruka? Alihofia kwamba kazi ya miaka tisa ingegeuka kichekesho. Siku zile nne alikula kidogo na kugombana na kuku.

Wifi alifika asubuhi, mabuti miguuni, daftari kwapani. "Haya, nianzie wapi?"

"Anzia hapa," Bi Kopo akamsimamisha kwenye nyanya. "Samadi ya mdogo wangu. Sikuitia kwenye kopo."

Wifi akatazama majani, kisha akamtazama yeye. "Hukuitia."

"Sikuitia."

"Wewe."

"Mimi, wifi."

Wifi alicheka hadi akatafuta sanduku la kukalia. Bi Kopo akasimama akakipokea kicheko chote, maana alijua ni haki ya mwenzake. Kilipopungua akasema, "Na msimu ule nilipokufungia, sikuja kukuona. Nalo liandike."

Wifi akajifuta macho. "Hilo, daftari halina nafasi yake," akasema, sauti imeshuka. Kisha akaandika kama inavyotakiwa: matuta manane yamefungwa msimu mzima, mboga za upande wa pili zinapita. Bi Kopo akatia sahihi.

Siku mbili baadaye wifi alirudi akisukuma toroli lililojaa mboji yake mwenyewe, kwa ajili ya mboga zile zilizopita ukaguzi. Jasho lilikuwa linamchuruzika. Akalitua mlangoni. Bi Kopo akakimbilia koleo ili apate pa kuficha uso. Alipotaka kuchota, wifi akalishika koleo mpini.

"Kopo kwanza."

"Lakini hii ni yako, wifi."

"Ndiyo maana."

Wakakaa kizingitini wote wawili, makopo matatu katikati yao, wakapanda maharage matatu kila kopo. Bi Kopo akaandaa chai, na wifi akainywa hadi mwisho, kisha akaomba nyingine.

Siku ya tisa majani yalifunguka mapana, yamenyooka. Bi Kopo alimpigia wifi kabla hata hajamwonyesha mumewe.

"Yamenyooka," alisema.

"Nilijua," wifi akamjibu. "Sasa mwaga."